Mkalimani wa Garissa aliyejishtaki kwa neno moja

Kabla ya yote, msomaji ajue kazi anayoisoma ni ya nani. Mwandishi wa makala haya hajawahi kutia chumvi habari. Akiona mbuzi watatu anaandika watatu, hata kama wanne wangependeza zaidi kwenye ukurasa. Kwa miaka mitano hapa Garissa, alichoandika ndicho alichoona na alichosikia, bila nyongeza, bila punguzo. Wenzake ofisini watathibitisha hayo, wakinunuliwa chai.

Hilo likishaeleweka, twende Bula Iftin.

Saa mbili asubuhi, na jua tayari limeyachemsha mabati. Isnino Dagane, mwenye umri wa miaka 44, amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, bakuli la unga uliochachuka mkono wa kushoto, upawa mkono wa kulia. Anamwaga, anazungusha, anafunika. Anjera ya kwanza inaanza kutoa matundu. Juu ya ndoo iliyogeuzwa, redio inatangaza bei za mifugo kwa Kisomali: mitamba, mbuzi, ngamia wa maziwa.

Isnino naye anatangaza, ila kwa Kiingereza. Mtangazaji akianza sentensi, yeye yuko nyuma yake hatua mbili, kama kivuli. Mtangazaji akipandisha sauti, naye anapandisha. Mara mtangazaji anakwama, anakohoa, anaomba radhi. Isnino anakwama, kisha kwa Kiingereza safi anaomba radhi mbele ya jiko, sufuria na paka, ambao hawakuwa wamekasirika.

"Lazima kila siku," anasema, akigeuza anjera kwa kucha. "Nikipumzika wiki moja, ulimi unakuwa kama ngamia aliyekaa bila mzigo. Unamfunga, anakutazama kama hakujui."

Ukipita hapo nje utasema ni mama wa kawaida wa mtaa, na utakuwa hujakosea. Ana watoto wanne, na mume, Abdikarim, anayeendesha lori la mizigo kwenda Habaswein na kurudi. Lakini kwa miaka minane sasa, sauti hiyo inayoomba radhi kwa paka imekuwa ikitoa maneno kambini Dadaab na kuyafikisha mbele ya majaji walio mbali na hapa kwa safari ya ndege mbili.

Kazi yake ni ukalimani. Wachunguzi wa uhalifu wa kivita kutoka nchi moja ya Ulaya walipofika kutafuta mashahidi miongoni mwa wakimbizi, hawakujua Kisomali, sembuse Kimaay, lugha ya wakulima wa bonde la Juba. Isnino, mzaliwa wa Balambala, anazijua zote mbili, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alitoka huko mtoni. Wakalimani wa Kimaay wanaokiweza Kiingereza cha mahakamani, anasema, ukiwaita wote wakae kwenye mkeka mmoja, nafasi ya sinia itabaki.

Analipwa Sh7,000 kwa siku, na mwezi mzuri huwa na siku nane za kazi. Mwezi mbaya hauna hata moja. Hapo hurudi alikoanzia akiwa na miaka 22: hospitalini, akiwatafsiria madaktari maneno ya kina mama waliotoka malishoni.

Kesi iliyowaleta wachunguzi ni hii. Wakati wa vita, karibu miaka thelathini iliyopita, wapiganaji waligeuza ghala la kupakia ndizi kando ya mto Juba kuwa kambi ya kizuizini. Waliofungiwa humo hawakuwa askari. Wengi walikuwa vibarua wa mashamba yaleyale ya ndizi. Walipigwa, walinyimwa maji ilhali mto wanausikia, na wengine walitolewa nje wasirudi.

Kamanda wa ghala hilo baadaye alihamia Ulaya, akanenepa, akafungua duka la mazulia. Mwaka 2018 polisi wa huko walimgongea mlango. Sheria ya nchi hiyo inawaruhusu majaji wake kumhukumu mtu kwa uhalifu wa kivita hata kama aliutenda kwingine kabisa.

Mwandishi wa makala haya alipoelezwa hayo alidhani anataniwa. Mtu akamatwe katikati ya mazulia yake, mvua ya Ulaya ikinyesha, kwa sababu ya kikombe cha maji alichomnyima kibarua mtoni zaidi ya miaka ishirini kabla yake? Akauliza kama hilo linawezekana kweli.

"Hata vita vina sheria," alisema Isnino. "Mtu akishakuwa mkononi mwako, hana silaha, huyo ni amana. Umpe maji. Usimpige. Uandike jina lake, umwambie mama yake yuko wapi. Ni hayo tu. Wazungu wameyaandika kwenye mikataba ya Geneva kurasa nyingi, lakini ukiyakamua ni hayo."

Wazee wa Hagadera, moja ya kambi za Dadaab, walipotafsiriwa mikataba hiyo mara ya kwanza, hawakushangaa hata kidogo. Wasomali wana biri-ma-geydo, orodha ya zamani ya watu ambao chuma hakiruhusiwi kuwagusa vitani: mwanamke, mtoto, mzee, mgeni, mateka. Mzee mmoja aliuliza, kwa heshima, kwa nini Wazungu walichelewa hivyo.

Katika miaka hiyo Isnino aliwatafsiria mashahidi 61. Rekodi zao, zikiunganishwa, ni saa 214. Na kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba mkalimani hasemi "anasema alipigwa". Anasema "nilipigwa". Shahidi akiwa mimi, mkalimani ni mimi. Kwa hiyo Isnino amefungwa pingu mara 61. Amelala juu ya maganda ya ndizi yaliyooza. Ameomba maji kwa Kiingereza, kwa sauti ileile iliyoyaomba kwa Kimaay, halafu saa kumi na moja jioni amepitia sokoni kununua nyanya.

"Nikifika nyumbani namwambia Abdikarim asiniulize kitu mpaka nioge," anasema. "Nikishaoga nakuwa Isnino tena."

Kanuni ya pili ni kwamba kila kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa. Kila kitu. Hili mwandishi alilijua kwa njia ngumu.

Jumanne iliyopita, mmoja wa mashahidi hao alikuwa Garissa kwa matibabu ya macho, akakubali kuzungumza. Tumwite Mzee Kulow. Jina lake si hilo, wala jina la ndugu yake atakayetajwa hapa si lake, kwa sababu mahakama inawalinda mashahidi. Ana miaka 67 na ndevu zilizopakwa hina. Anaishi Hagadera, ambako hushona viatu. Alikaa kwenye mkeka wa Isnino, akamwita adeer, yaani ami, naye Isnino akamjibu adeer. Kwa Wasomali, ami na mtoto wa ndugu huitana kwa neno hilohilo moja, linakwenda na kurudi.

Mzee alianza mbali. Alianza na babu wa babu yake, akashuka nao mmoja mmoja. Alipofika wa tano, mwandishi, ambaye Kisomali chake ni cha kununulia nyama tu na Kimaay hana kabisa, alimnong'oneza Isnino kwa Kiswahili kwamba mzee anazunguka sana, amsukume kidogo afike kwenye jambo lenyewe.

Isnino akageuka, akaitafsiri hiyo pia. Yote, pamoja na "kidogo".

Mzee Kulow alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, kupitia kinywa cha Isnino: "Waryaa, wewe, jambo lenyewe limenisubiri miaka thelathini. Halitakimbia leo."

Na halikukimbia. Ghalani, alisema, yeye alipewa kazi ya kufagia, kwa hiyo alilijua kuliko waliolijenga. Aliwaambia wachunguzi kuwa lilikuwa na nguzo kumi na nne, na urefu wa hatua 42. Wachunguzi wakachukua picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani, wakapima. Mita 21. Wakatazamana. Hatua 42 za mtu mzima ni zaidi ya mita thelathini. Shahidi anayekosea urefu wa ghala, wakili wa upande wa pili angeuliza, amekosea nini kingine?

Mzee alipoelezwa tatizo hilo aliomba kamba. Aliifunga kwenye vifundo vyake vya miguu, akiacha katikati shubiri mbili na vidole vitatu. Akasimama. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta wa chumba kile cha mahojiano, huku na huku, akihesabu kwa sauti, na Isnino akihesabu nyuma yake kwa Kiingereza, mpaka akafika 42. Wakapima njia aliyotembea. Mita 21, na kiganja.

"Mlikuwa mmepima hatua ya mtu huru," aliwaambia.

Isnino akaitafsiri, kisha akainama kumfungulia kamba.

Kisha mzee akaja kwa Muse, mdogo wake, kitinda mimba wao. Walikamatwa pamoja, wakalala wamegusana migongo kwa siku 33. Alfajiri moja kamanda mwenyewe aliingia na tochi, akawapita wengine wote, akamgusa Muse begani. Wengine wote waliokuwa karibu, walioliona hilo, wamekwisha kufa sasa. Amebaki Kulow peke yake.

"Muse alivua kofia yake akanipa," alisema. "Akaniambia, nishikie. Hakuniambia, chukua. Alisema nishikie."

Hapo alitia mkono kwenye mfuko wa plastiki aliokuja nao, pamoja na dawa zake za macho, akatoa kofia ya mkono iliyofumwa kwa uzi mweupe, ambao sasa una rangi ya chai. Akaiweka kwenye goti.

Chozi moja linamtoka Mzee Kulow, linashuka polepole mpaka kwenye ndevu zake za hina, naye analifuta kwa ncha ya shali. Vumbi la Bula Iftin, ambalo Jumanne lilikuwa baya, linamkaba mwandishi kooni, na analazimika kutoka kwenda uani kidogo kukohoa.

Aliporudi, zamu ya kusema ilikuwa ya Isnino, na alichosema kilimhusu yeye mwenyewe.

Mei 2019, Hagadera, Mzee Kulow alikuwa akitoa maelezo yake ya kwanza. Alisema: "Ndugu yangu Muse alichukuliwa na kamanda." Isnino akatafsiri. Mchunguzi akaandika: ndugu yangu, marehemu Muse, alichukuliwa na kamanda.

Neno hilo mzee hakulisema. Lakini mtu aliyelelewa Balambala hamtaji maiti hivihivi. Ukitaja jina la aliyekufa bila kumwombea rehema, mama yako atakutazama mpaka uombe. Isnino alikuwa ameshamzika Muse moyoni. Kachukuliwa na wenye bunduki, miaka kadha wa kadha, angekuwa nini tena? Ulimi ukamwombea rehema wenyewe, na kwa Kiingereza rehema hiyo ikawa "marehemu".

Kosa kama hilo kwa kawaida hunaswa palepale. Maelezo yakimalizika, mkalimani humsomea shahidi karatasi zote kwa lugha yake, mstari kwa mstari, kabla hajatia dole gumba. Siku hiyo magari yalitakiwa kuondoka na askari wa kusindikiza saa kumi kamili. Zilibaki kurasa mbili. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Kurasa hizo hazikusomwa. Mzee akatia dole.

Karatasi ikalala miaka minne.

Juni 2023, kesi ikiwa imepamba moto, Mzee Kulow alitoa ushahidi kwa video kutoka ukumbi mmoja hapa Garissa. Mkalimani wa mahakama alikuwa kule Ulaya. Isnino alikuwa ameketi pembeni ya mzee, kazi yake siku hiyo ni kumwekea maji na kumweleza kitufe kipi ni kipi. Kwenye skrini, wakili wa kamanda akauliza kama alishuhudia Muse akifa. Mzee akasema hapana. Akaulizwa kama anajua kuwa Muse amekufa. Mzee akasema hajui.

Wakili akainua karatasi. Mwaka 2019, alisema, ulimwita ndugu yako marehemu. Leo hujui kama amekufa. Umedanganya mwaka ule, au unadanganya leo?

"Sijawahi kumwita marehemu," alisema Mzee Kulow. "Sijamzika. Watu wa kambini wakimwombea rehema mbele yangu nawanyamazisha. Kama karatasi inasema hivyo, karatasi haikuwepo."

Katika shtaka la Muse, shahidi alikuwa huyu mmoja tu. Akionekana mwongo, shtaka limeanguka, na kamanda atasema hata ghala lenyewe ni hadithi za wakimbizi.

Wiki hiyo Isnino aliomba rekodi ya mwaka 2019. Akafunga mlango, akasikiliza. Akarudisha. Akasikiliza tena.

"Mzee amesema maneno sita," anasema. "Mimi nimesema saba."

Hakuna mwingine aliyejua. Mawakili wa pande zote hawakuwa na Kimaay. Angekaa kimya, ingebaki karatasi dhidi ya mshona viatu wa Hagadera, na karatasi huwa haina wasiwasi. Angesema, wakili wa kamanda angeuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kama umeongeza neno kwa shahidi mmoja, umeongeza mangapi kwa wale sitini? Maelezo yote 61 yangeweza kutupwa, na jina lake pamoja nayo. Garissa si kubwa. Hospitali, polisi, mahakama, kila mahali anapopata siku ya kazi wangesikia.

Abdikarim, anasema, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: mzee analijua? Alipojibiwa kuwa mzee anadhani karatasi ndiyo mwongo, Abdikarim alisema: basi mzee ameshakujibu.

Ijumaa kabla ya swala aliandika barua kwa majaji. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Ule wa nne ulisema: "Neno hili ni langu, si la shahidi."

Halafu akaenda Hagadera kumwambia mzee mwenyewe. Alitarajia kufukuzwa. Mzee Kulow alikuwa akishona kandambili, na hakuinua macho mpaka amemaliza mshono. Ndipo akamwambia: "Adeer, ulimwombea ndugu yangu. Kwa hilo sikasiriki. Lakini kwenye kinywa changu usiniombee tena."

Wakili wa kamanda aliuliza swali lile, sawasawa na Isnino alivyojua ataliuliza. Mahakama ikaamuru rekodi zote zisikilizwe upya. Isnino akasimamishwa. Mchunguzi mmoja aliyekuwa akimletea chokoleti kila safari hakumjibu salamu. Wakalimani wawili walitafutwa nje ya nchi, na kwa miezi saba wakasikiliza saa 214, neno kwa neno. Kwa miezi hiyo saba, Isnino aliuza diraa na mabaibui sokoni, akiwatafsiria wateja bei tu. Asubuhi aliendelea kumwaga anjera na kutafsiri redio.

"Sikujua kama nitaitwa tena," anasema. "Lakini ulimi haukuwa na kosa la kuachwa na njaa."

Januari 2024 ripoti ikatoka. Katika maelezo ya watu 61, wakalimani wale walikuta neno moja lililobadili maana ya ushahidi. Lilikuwa lile aliloliripoti mwenyewe.

Mwandishi alimwomba arudie takwimu hiyo, kisha akampa daftari aiandike kwa mkono wake. Saa 214. Mtu wa kawaida hawezi kurudia alichotumwa dukani bila kuongeza kitu chake njiani. Neno moja.

Hukumu ilisomwa miezi mitano baadaye. Kamanda alipatikana na hatia ya kuwatesa waliokuwa kizuizini, ya kuwanyima maji na chakula, na katika shtaka la Muse, ya kumchukua mtu na kumpoteza. Akapewa miaka kumi na tisa. Majaji walisema wanamwamini shahidi wa hatua 42 kwa sababu katika maswali ya siku mbili alikataa kusema hata jambo moja ambalo hakuliona, hata pale ambapo kulisema kungemfaa.

Mzee Kulow aliifuata hukumu kwenye skrini ukumbini Garissa. Safari hii Isnino ndiye aliyemtafsiria. Ilipokwisha, mzee aliuliza kama wamesema Muse yuko wapi. Hawakusema. Kamanda alikuwa na haki ya kunyamaza, na aliitumia.

"Basi nitaendelea kumshikia," alisema.

Tangu hapo Isnino amerudishwa kazini. Kuna kesi nyingine, ambayo hataki kuitaja hata kwa herufi. Kila Jumamosi huwafundisha wasichana kumi na wawili katika chumba cha madrasa alichopewa bure na Maalim wa mtaa. Somo la kwanza kila mwaka ni neno lile. Anawapigia rekodi yake mwenyewe, anawaacha wamcheke, halafu anawaeleza lilivyokaribia kumfanya mzee mmoja mwongo.

Mpango wake ni shule ndogo ya ukalimani hapahapa Garissa, ya Kisomali, Kimaay na Kiborana, yenye vyumba viwili na vipaza sauti vinne. Vyumba ameviona Bula Iftin. Vipaza sauti bado. Anataka wanafunzi wake wakae hospitalini, vituoni na mahakamani, ili mama wa Takaba akisema mtoto ana homa siku nne, daktari asiandike siku mbili kwa sababu aliyetafsiri ana haraka.

"Siku moja wale wa Ulaya watarudi na kesi ya tatu," anasema. "Nataka wanikute nimezeeka, nimekaa nyuma, nawasikiliza hawa wakifanya. Nikisikia neno limeongezwa, nitakohoa."

Makala yangeishia hapo, na yangeishia vizuri. Lakini Isnino ana sharti lake tangu 2019: hakuna karatasi inayomhusu shahidi itakayoondoka bila kusomwa. Mwandishi alieleza kwamba hili ni gazeti, si mahakama, na kwamba mhariri anangoja. Isnino akamuuliza kama dereva ameshawasha gari.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi tulikaa tena kwenye mkeka uleule: Isnino, mwandishi, na Mzee Kulow, jicho moja limefungwa bandeji. Mwandishi akasoma kwa Kiswahili, aya kwa aya. Isnino akatafsiri kwa Kimaay. Kwenye mababu mzee alisahihisha mpangilio. Kwenye kamba alitikisa kichwa, sawa. Kwenye kofia aligusa mfuko wake wa plastiki.

Kwenye chozi aliinua mkono.

Alizungumza taratibu, na kwa muda, akimtazama mwandishi kwa jicho lile moja. Mwandishi alitabasamu, akidhani anashukuriwa. Kisha Isnino akamgeukia, na kwa sauti ileile ya mzee, bila haraka, akasema:

"Mimi sikulia. Ya kwangu niliyalia zamani, yakaisha. Aliyelia ni wewe. Ulitoka kwenda uani ukajifanya unakohoa, na dirisha lilikuwa wazi. Ukarudi macho mekundu. Halafu umechukua chozi lako umeniwekea mimi kwenye ndevu."

Mwandishi alisema atalifuta mara moja. Mzee akakataa. Isnino akaeleza kwamba kwenye maelezo ya shahidi kosa halifutwi. Linaachwa palepale lilipo, na sahihisho linaandikwa chini yake, ili kila mtu aone vyote viwili. Mzee akataka ifanywe hivyo. Akanyoosha na dole gumba kabisa, kama kuna wino.

Ndipo mwandishi wa makala haya, yule wa mbuzi watatu, alipomwinamia Isnino, akamnong'oneza kwa sauti ya chini kuliko zote alizowahi kutumia, kwamba mambo ya mwandishi kulia si lazima yajulikane na watu, na kama dada angeweza kumwelewesha mzee.

Isnino akamgeukia mzee, akaitafsiri yote.